Transposoni ikiruka, tazama tundu ililoliacha

Caenorhabditis elegans ni mnyoo duara mwenye urefu wa milimita moja tu, seli 959 za mwili na nyuroni 302. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi zipatazo milioni 100, zimegawanyika katika kromosomu sita, na ilipochapishwa mwaka 1998 ilikuwa jenomu ya kwanza ya mnyama kusomwa karibu yote. Kiasi cha asilimia 12 ya DNA hiyo ni transposoni au mabaki yake, yaani vipande ambavyo kwa wakati fulani viliweza kujitoa mahali pamoja na kujipachika pengine. Vingi vimekufa: vimekatika ncha, jeni zake zimeharibika, vimelala tu. Vilivyo hai ni vichache, na maarufu kuliko vyote ni Tc1, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983.

Maelezo mengi kuhusu transposoni huishia kwenye kuruka kwenyewe, kana kwamba hapo ndipo penye maajabu. Naona kuruka ndiyo sehemu nyepesi. Protini moja inatosha. Mambo mazito ni mawili: nani anaziba tundu linalobaki pale transposoni ilipotoka, na nani anazizuia transposoni zisitoke ndani ya seli za uzazi. Asiyetenganisha mambo haya huhesabu kitu kimoja akidhani anahesabu kingine, na kosa hilo limo hata katika majaribio yaliyopangwa vizuri.

Mkasi wa protini moja

Tc1 ina jozi 1,610 za besi. Kila ncha ina mfuatano wa besi 54, na mfuatano wa ncha moja ni ule ule wa ncha ya pili uliogeuzwa. Katikati kuna jeni moja tu, ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho transposezi, chenye asidi amino 343. Hakuna kingine. Ndugu yake Tc3 ni ndefu kidogo, besi 2,335, lakini ncha zake zina besi 462 kila moja. Tc7 ina besi 921 na haina jeni kabisa. Ncha zake zinafanana na za Tc1 kiasi kwamba inaazima transposezi ya Tc1 na kusafiri nayo. Tc4 na Tc5 ni ukoo mwingine, nazo hujipachika kwenye mfuatano wa herufi za DNA CTNAG (N ni herufi yoyote) badala ya TA, herufi mbili zinazolengwa na Tc1.

Transposezi hujishika kwenye ncha zote mbili, huzivuta pamoja, kisha hukata. Ukataji wenyewe haujanyooka, na hapa inafaa kutulia kwa sababu mengi yanayofuata yanatoka hapa. Kila uzi wa DNA una ncha mbili, ziitwazo 3' na 5'. Kwenye uzi unaoishia na ncha ya 3' ya transposoni, kisu hupita mpakani kabisa. Kwenye uzi wa pili, wa ncha ya 5', hupita besi mbili ndani ya transposoni. Tc1 huanza na CAGT, kwa hiyo herufi mbili za kwanza, CA, hazisafiri. Zinabaki zikining'inia kwenye kromosomu iliyoachwa, baada ya TA iliyokuwapo tangu awali. Upande wa pili hutokea vivyo hivyo kwa uzi ulio kinyume.

Kipande kilichokatwa hutafuta TA nyingine. Ncha zake za 3' hushambulia nyuzi mbili za shabaha katika sehemu zilizopishana kwa besi mbili, mianya midogo hujazwa na vimeng'enya vya seli, na TA ile hujirudia pande zote mbili. Hiki ni kipimo kizuri cha kazi ya mezani: upachikaji wa kweli wa Tc1 husomeka TA, kisha CAGT, na mwishoni ACTG, kisha TA. Ukikosa TA upande mmoja, usikimbilie kutangaza ugunduzi. Mara nyingi ni vipande viwili vilivyoungana kwa bahati mbaya ndani ya PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi maabara), au DNA ya jirani imefutika.

Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba transposezi ya Tc1 ndiyo protini pekee ya mnyoo inayohitajika ili mruko ufanyike ndani ya kineli, bila seli. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini ukoo huu umesambaa kwa wadudu, samaki, vyura na fangasi: kitu kisichohitaji protini maalumu ya mwenyeji ili kiruke kinaweza kuishi kwa mwenyeji yeyote. Ukoo huo huo ndio uliozaa Sleeping Beauty, transposoni iliyofufuliwa mwaka 1997 kutoka mabaki yaliyomo katika jenomu za samaki, ambayo sasa hutumika kupachika jeni katika seli za wanyama wenye uti wa mgongo.

Jenomu ya mnyoo huyu imejaa A na T, kwa hiyo TA zimetapakaa kila pahali. Hata hivyo hazipendwi sawasawa. Upachikaji mwingi uliochorwa kwenye kipande kimoja cha DNA hurundikana kwenye TA chache, huku nyingine jirani zikikaa miaka bila kuguswa, na TA zinazopendwa na Tc1 si zile za Tc3. Mpangilio huo hujitokeza hata kwenye kineli, kwa hiyo unatokana na umbo la DNA na transposezi yenyewe. Anayetarajia Tc1 ivunje jeni fulani ndogo yenye TA tatu anaweza kusubiri sana.

Tundu na mshono wake

Transposoni imeondoka. Nyuma yake kuna kromosomu iliyokatika kabisa, nyuzi zote mbili, na seli ina haraka ya kuiunga. Inaweza kuiunga kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kushona ncha kwa ncha. Upande wa kushoto umebaki na TACA, wa kulia na TGTA, na herufi mbili zinazoning'inia kila upande haziwezi kushikana kwa sababu si pacha. Basi upande mmoja hupunguzwa na mwingine hujazwa, na matokeo ya kawaida ni TACATA au TATGTA. Palipokuwa na TA moja kabla mnyoo hajawahi kubeba Tc1 sasa pana herufi nne za ziada. Huu ndio unyayo wa Tc1. Nne haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo ndani ya eneo linalosomwa kutengeneza protini, unyayo huharibu usomaji wote unaofuata. Transposoni imetoka na jeni bado imekufa.

Ya pili ni kunakili kutoka kiolezo: kromosomu pacha (nakala yake yenyewe iliyotoka kunakiliwa) au kromosomu mwenza (ile ya pili katika jozi). Ikiwa kromosomu mwenza haina Tc1 mahali hapo, yaani mnyoo ana nakala moja nzima na moja iliyovunjika, tundu hujazwa kwa mfuatano safi na jeni hupona kabisa, bila unyayo. Ikiwa zote mbili zina Tc1, seli hunakili Tc1 nyingine na kuirudisha pale pale. Kwa macho ya mtafiti hakuna kilichotokea. Kumbe nakala ya awali imeshahamia kwingine na jumla imeongezeka kwa moja. Transposoni ya kukata na kubandika huongezeka kwa njia hii, na ndiyo maana swali la kwamba itaongezekaje ilhali haijinakili halina uzito.

Kipimo kilichofanywa kwa jeni ya misuli iitwayo unc-22 mwaka 1991 kinaonyesha ukubwa wa tofauti. Minyoo wenye Tc1 kwenye nakala moja tu walirudia hali ya kawaida mara 100 hivi zaidi ya wale wenye Tc1 kwenye nakala zote mbili. Mruko ni ule ule, kiolezo ndicho kilichobadilika. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Tc1 yake hutoka kwa kiwango fulani, muulize kwanza mnyoo alikuwa na nakala ngapi zilizovunjika.

Kuna ajali ya tatu. Unakili ukikatika njiani, hubaki Tc1 iliyotoboka tumbo, yenye ncha zote mbili lakini bila jeni. Hiyo bado inaweza kuruka ikipata transposezi ya jirani. Au ncha za tundu hutafunwa kabla ya kushonwa, na kipande cha kromosomu jirani, pengine besi elfu moja au mbili, hupotea moja kwa moja. Ajali hiyo ya mwisho ni mali, nitaieleza chini.

Kuhesabu kwa unc-22

Jeni ya unc-22 hupendwa kwa sababu mbili. Ni kubwa mno, kwani inatengeneza twitchin, protini ya misuli yenye asidi amino zaidi ya 6,000, kwa hiyo ni shabaha pana. Pia kasoro yake huonekana kwa jicho: mnyoo hutetemeka mwili mzima badala ya kutambaa. Ndani ya mmumunyo wa nikotini ya asilimia 1, hata mnyoo mwenye nakala moja tu iliyovunjika hutetemeka, wakati mnyoo wa kawaida hukakamaa. Kwa hiyo dakika chache za nikotini hutofautisha aliyepona nakala moja na aliyepona zote mbili.

Utaratibu wa kupima kupona ni mwepesi. Weka mnyoo mmoja huntha anayetetemeka kwenye kila sahani ya agari yenye bakteria OP50, sahani 60 kwa mfano, kwa sentigredi 20. Kizazi kimoja huchukua siku tatu na nusu hivi, na kila huntha huzaa kama minyoo 300. Acha vizazi viwili, lakini usingoje bakteria waishe, maana minyoo wenye njaa hutambaa vibaya na kukuchanganya. Kisha tafuta wanaotambaa vizuri.

Usihesabu minyoo waliopona. Hesabu sahani zisizo na hata mmoja. Mruko ukitokea mapema katika ukoo, sahani moja itajaa ndugu kumi waliopona, wote kutokana na tukio moja, na wastani wako utakuwa uongo. Tuseme sahani 45 kati ya 60 hazina aliyepona na kila sahani ilikuwa na minyoo 2,000: sehemu tupu ni 0.75, logi asilia yake kwa alama chanya ni 0.288, gawanya kwa 2,000 upate takriban 0.00014 kwa kila mnyoo. Sahani zote zikiwa na waliopona, hesabu haiwezekani. Rudia kwa minyoo wachache zaidi.

PCR ina mtego wake. Praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) zinazozunguka Tc1 hutoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli ya kupimia) ndefu ikiwa transposoni ipo na fupi ikiwa imetoka. Ukivuna minyoo 1,000 kwa pamoja, bendi fupi itaonekana karibu kila mara, hata kwenye aina ambayo Tc1 haijawahi kuruka katika seli za uzazi. Sababu ni kwamba Tc1 hutoka kwa wingi katika seli za mwili. Seli ya utumbo au ya misuli ikipoteza Tc1, mtoto haridhi chochote. Juu ya hayo, PCR hupenda kipande kifupi kuliko kirefu. Bendi fupi ya DNA ya kundi si ushahidi wa mruko wa kurithiwa. Ushahidi ni mnyoo mmoja, watoto wake, na mfuatano wa unyayo uliosomwa.

Walinzi wa seli za uzazi

Aina ya Bristol, inayoitwa N2 na kutumika maabara zote kama kawaida, ina nakala 30 hivi za Tc1. Aina ya Bergerac, kutoka Ufaransa, ina mamia. Katika N2, Tc1 hairuki kwenye seli za uzazi. Katika Bergerac huruka. Transposoni ni zile zile. Kilichotofautiana ni ulinzi.

Njia ya kuelekea jibu ilifunguliwa kwa minyoo mutanti, yaani wenye jeni iliyoharibika. Mutanti wa mut-2, aliyeelezwa mwaka 1987, aliziamsha Tc1, Tc3, Tc4 na Tc5 kwa mpigo. Baadaye alikuja mut-7. Mwaka 1998 Andrew Fire, Craig Mello na wenzao walionyesha kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni yenye mfuatano sawa nayo, kazi iliyowapa wawili hao Nobel mwaka 2006. Mwaka 1999 mambo yakakutana: mutanti wa mut-7 walikuwa pia wameshindwa kuzima jeni kwa RNA ya nyuzi mbili. Uzimaji ule uliogunduliwa kwa kumdunga mnyoo RNA ulikuwa tayari ukifanya kazi ya ulinzi dhidi ya transposoni.

RNA hiyo ya nyuzi mbili inatoka wapi? Kutoka kwenye ncha zenyewe. Tc1 iliyopachikwa ndani ya jeni nyingine husomwa kwa bahati mbaya kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa ncha zake ni taswira zilizogeuzwa, RNA inayopatikana hujikunja na kushikana kama pini ya nywele. Mwaka 2003 hili lilijaribiwa kwa namna inayopendeza: mfuatano wa ncha ya Tc1 ulipounganishwa na jeni ya GFP, protini yenye mwanga wa kijani, inayowaka katika seli za uzazi, mwanga ulizimwa kwa minyoo wa kawaida, na kwa mutanti wasio na ulinzi uliwaka. Mkasi wa transposezi unahitaji ncha zile zile zinazomwita mlinzi. Tc1 haiwezi kuziacha.

Ila usidhani kila mutanti asiyezima jeni kwa RNA huamsha transposoni. Mutanti wa rde-1 hawajali RNA ya nyuzi mbili unayowapa, lakini Tc1 yao hulala kama kawaida. Tofauti iko kwenye hatua ya baadaye, ya kuzalisha kwa wingi RNA fupi za besi 22 zinazoanza na G. Mut-2 na mut-7 wamo humo, rde-1 hayumo. Ukitaka mnyoo ambaye transposoni zake zinaruka, kuchagua rde-1 ni kupoteza miezi. Tc3 nayo ina mlinzi mwingine, RNA za besi 21 zinazoanza na U, zinazobebwa na protini PRG-1. Ukiiondoa PRG-1, Tc3 huamka. Ajabu ni kwamba minyoo duara wengi nje ya kundi la C. elegans wameipoteza njia hii ya PRG-1 kabisa na bado wanaishi na transposoni zao.

Kuzitumia bila kuumia

Aliyemwamsha transposoni amempata pia mharibifu. Mutanti wa mut-7 wakiwekwa sentigredi 25 hawazai, na hata kwenye sentigredi 20 wana madume wengi kupita kawaida kwa sababu kromosomu ya X hupotea. Ukoo ukiachwa uzae ovyo, kila kizazi huongeza uharibifu usiouona. Gandisha minyoo mapema kwa sentigredi hasi 80 ndani ya gliseroli ya asilimia 15, na rudi kwenye mirija hiyo mara kwa mara badala ya kuendeleza sahani ile ile. Ukipata mutanti unayemtaka, mzalishe na madume wa N2 mara sita au zaidi, ukikagua kila mara kwamba ulinzi umerudi. Wapo wanaoondoa Tc1 za pembeni na kusahau kuondoa mut-7 yenyewe. Baada ya mwaka wanarudi mwanzo.

Tatizo linalowashangaza wengi ni Tc1 iliyokaa katikati ya jeni na mnyoo akawa mzima. RNA inayosomwa ikiwa na Tc1 ndani yake mara nyingi hukatwa, Tc1 ikatupwa kama introni (kipande cha RNA kinachoondolewa kabla ya protini kutengenezwa), na protini yenye kasoro ndogo ikapatikana. Kwa hiyo upachikaji ni nusu ya kazi. Ndiyo maana mwaka 1993 ilianza kutumika benki ya minyoo waliogandishwa wenye Tc1 sehemu mbalimbali: unatafuta kwa PCR mnyoo ambaye Tc1 iko kwenye jeni yako, unamkuza, kisha unatafuta miongoni mwa watoto wake ile ajali ya tatu, tundu lililotafuna pembezoni. Praima zikae mbali, umbali wa besi 3,000 hivi, na muda wa kurefusha kwenye PCR uwe mfupi ili bendi ndefu ya kawaida ishindwe na ile iliyopunguka ishinde.

Kwa kazi mpya ningechagua Mos1, transposoni ya nzi Drosophila mauritiana yenye besi 1,286, iliyoingizwa kwa C. elegans mwaka 2001. N2 haina hata nakala moja yake, kwa hiyo hakuna nakala 30 za asili zinazochafua jeli. Transposezi huwekwa chini ya swichi ya joto, pamoja na GFP ya kuitambulisha. Chukua minyoo waliokomaa karibuni, wape sentigredi 33 kwa saa moja, wapumzishe saa moja, kisha warudishe kwenye joto hilo saa nyingine moja. Mayai yanayotagwa mara tu baada ya hapo hayana faida, yalikuwa yameshapita hatua ya kupokea. Hamishia wazazi sahani mpya na utumie watoto wa baadaye.

Kutafuta Mos1 ilipotua: tia mnyoo mmoja ndani ya mikrolita 5 hadi 10 za bafa yenye protinezi K (kimeng'enya kinachokula protini), igandishe, weka sentigredi 60 kwa saa moja, kisha 95 kwa dakika 15 ili kimeng'enya kife. Kisipokufa kitakula polimerezi yako, kimeng'enya kinachoendesha PCR, na hutaona bendi yoyote. Mnyoo mmoja ana DNA ya kutosha PCR ya kawaida. Kwa kutafuta mpaka usiojulikana, kuza familia nzima. Kata DNA hiyo kwa kimeng'enya kinachokata GATC, kizime kwa joto, iunge DNA kwa ligezi katika ujazo mkubwa ili kila kipande kijifunge duara badala ya kushikana na jirani, kisha fanya PCR kwa praima zinazotazama nje ya Mos1. Mzunguko wa pili tumia praima zilizo ndani zaidi. Soma mfuatano, tafuta TA.

Watoto unaowachagua wasiwe na mwanga wa kijani hata kidogo. Aliye na mwanga bado ana transposezi, na joto likipanda kidogo kwenye kabati la kukuzia, Mos1 yake itatoka tena: bendi uliyoiona kwa mama huioni kwa binti, na kwenye jeni hubaki unyayo ambao PCR ya kutafuta Mos1 haitauona kamwe.